Ukifika Robie House, anza na ukuta

Wengi wakifika Robie House, ile nyumba maarufu ya matofali pale Hyde Park, Chicago, macho yanakimbilia vile vioo vya rangi, na kweli ni vizuri mno, viko 174 kwenye madirisha na milango, ila mi kama msanifu majengo nakuomba usimame nje kwanza uangalie ukuta. Sogea karibu kabisa. Matofali ni marefu na membamba, aina inayoitwa ya Kirumi, na mota (ule mchanganyiko unaoshikanisha matofali) ya mistari ya ulalo ina rangi nyepesi na imekwanguliwa ikaingia ndani kiasi cha kutengeneza kivuli, wakati ile ya wima imetiwa rangi ya tofali lenyewe na kusawazishwa, kwa hiyo ukirudi nyuma hatua chache viungio vya wima vinapotea, unabaki na mistari mirefu inayokimbia kufuata mtaa. Nyumba ina ghorofa tatu lakini inaonekana imelala chini. Hapo ndo utaalamu ulipo!

Msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright aliichora kwa ajili ya Frederick Robie, ikajengwa kati ya 1909 na 1910. Mapaa yanatokeza mbali bila nguzo kwenye ncha, yamebebwa na boriti za chuma zilizofichwa ndani, na siyo urembo tu manake jua la kiangazi linakuwa juu sana na paa linalizuia, la baridi linashuka chini na kuingia sebuleni.

Mlango mkuu usiutafute mbele, uko upande wa nyuma. Unaingia chini kwenye dari fupi na mwanga hafifu, unapanda ngazi, halafu sebule inakufungukia. Sebule na chumba cha kulia ni kama chumba kimoja, katikati kuna meko tu, na hata dohani lake limeachwa na uwazi juu ili uone dari inaendelea upande wa pili.

Seminari iliyoinunua 1926 ilitaka kuibomoa mara mbili, na 1957 Wright mwenyewe akaja kupinga akiwa na karibu miaka 90. Toka 2019 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nawaambia hivi hasa nyie mnaokarabati nyumba za zamani za matofali: kabla fundi hajaziba viungio, mwonyeshe rangi na kina cha mota ya mwanzo, akijaza saruji ya aina moja kote ule mchoro umeshafutika, hata kama kila tofali bado lipo mahali pake.