Kanuni za swichi husomwa kutoka juu

Kaskazi inakaribia, wageni wataanza kuingia Malindi, na malalamiko tunayopokea kutoka kwa wenye hoteli na nyumba za wageni yanafanana. Mgeni ameunga simu kwenye waifai, akafungua programu ya kutafuta vifaa, akaziona kamera za usalama, printa ya mapokezi na kompyuta yenye nakala za pasipoti. Mwenye nyumba hushangaa, maana fundi alimhakikishia kwamba kanuni za ACL, yaani orodha ya nani aruhusiwe na nani azuiwe kwenye mtandao, zimewekwa kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao. Kuwekwa zimewekwa. Kilichoharibika ni mpangilio.

Swichi husoma orodha kutoka juu kwenda chini, na pakiti (kifurushi kidogo cha data) ikikuta kanuni ya kwanza inayoihusu, shauri limekwisha, zinazofuata hazisomwi. Tuseme anwani za mtandao za wageni ziko 192.168.20.0 na za ofisi ziko 192.168.10.0. Kanuni namba 10 ikisema "ruhusu wote", namba 20 ikasema "zuia wageni wasiende ofisini", basi hiyo ya 20 ni pambo tu. Kizuizi kitangulie, ruhusa ifuate. Kama seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, iko upande wa ofisi, iruhusu porti 53 (mlango wa maombi ya DNS) ya seva hiyo peke yake, juu ya kizuizi, la sivyo wageni watasema intaneti imekufa. Na ukiandika vizuizi vitupu, kumbuka swichi nyingi hufunga orodha kwa kanuni isiyoonekana inayozuia kila kilichosalia.

Orodha ambayo haijaunganishwa na tundu la kebo au na VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi) haizuii hata pakiti moja. Tena, jamani, nywila ya waifai si ulinzi wa ofisi: kila mgeni anapewa nywila hiyo pale mapokezi!

Kabla ya kubadilisha kanuni, fuateni utaratibu huu bila kuruka hatua. Mwenye nyumba aidhinishe kwa maandishi. Fundi ahifadhi nakala ya mipangilio iliyopo, nje ya swichi. Akifanya kazi kwa mbali, aipangie swichi ijiwashe upya baada ya dakika chache, ili akijifungia nje irudi kwenye mipangilio ya zamani. Abadilishe, kisha ajaribu kwa simu iliyo kwenye waifai ya wageni: intaneti ifunguke, kamera zisifunguke. Hapo ndipo afute ule mpango wa kujiwasha, halafu ahifadhi. Akihifadhi mapema, kinga hiyo haina kazi.

Sheria nayo haitazami aliyekosea ni fundi wa nani. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kuwadhuru, mwenye kuzisimamia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Naye mgeni aliyeingia bila ruhusa anaweza kushtakiwa kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018: faini isiyozidi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kabla ya kumwita fundi, angalieni kwanza aina ya swichi. Zile ndogo zisizo na ukurasa wa mipangilio hazipokei kanuni yoyote, hata aje fundi gani.