Shaba Nyeusi na Gumegume Kutoka Tope la Mto Thames

Katikati ya London, maji ya mto Thames hupanda na kushuka hadi mita 7, mara mbili kwa siku. Yakipwa, hasa siku za bamvua, ufuko hubaki wazi kwa saa chache. Vifaa vya kabla ya historia huonekana hapo.

Shaba nyeusi ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, takriban sehemu 9 kwa 1. Ikifukiwa shambani huota kutu ya kijani. Ya mtoni mara nyingi hutoka ingali na rangi ya dhahabu, kwa kuwa tope zito halipitishi hewa, kwa hiyo usiidhanie koki ya bomba ya juzi. Ngao ya Battersea, iliyotolewa mtoni mwaka 1857, ina urefu wa sentimita 78 hivi na vipambo 27 vya kioo chekundu. Bamba lake ni jembamba mno, pigo moja la upanga lingelitoboa. Ilikuwa ya kujionyesha, si ya vitani. Mapanga mengi nayo yamepindwa au kuvunjwa makusudi kabla ya kutoswa, na wengi wetu tunaochunguza vitu hivi tunaona ni sadaka kwa mto. Lakini si yote: kingo zikimomonyoka, hata shoka lililosahauliwa nyumbani huishia majini.

Gumegume, jiwe gumu lililochongwa kuwa zana, hudanganya. Jiwe lililochongwa huwa na bapa dogo pale lilipogongwa, uvimbe chini yake, na viwimbi vinavyosambaa kutoka hapo. Kokoto zikigongana mtoni huweza kuacha alama hizohizo, basi tafuta pia ukingo uliomeguliwa mfululizo, kipande baada ya kipande.

Kuokota chochote kunahitaji kibali cha Port of London Authority, mamlaka inayosimamia mto huu. Piga picha kabla hujakiinua, ukiweka rula kando, na uandike mahali penyewe. Usisugue kwa brashi ya waya wala usitie siki. Shoka lenye tundu la mpini usilichokonoe: mti uliobaki ndani unaweza kupimwa umri kwa kaboni. Mti na ngozi vifungwe vikiwa na maji, vikikauka hupasuka na kusinyaa. Chuma hubanduka magamba, kwa hiyo kifikishe kwa mtaalamu upesi.

Vifaa viwili au zaidi vya metali vya kabla ya historia vikipatikana pamoja, sheria ya Uingereza huvihesabu hazina. Una siku 14 kumjulisha afisa wa uchunguzi wa vifo, ambaye huko ndiye pia husikiliza kesi za hazina.