Je, wajua kwa nini barua ya karatasi moja inaweza kumfikisha mtoto wa maskini chuo kikuu?

Kipindi kile dirisha la mikopo limefunguliwa nilikuwa steshenari moja hapa Dodoma mjini natoa kopi, pembeni yangu kuna dogo katokea Mpwapwa na bahasha ya kaki, matokeo yake ya fomu siksi mazuri kabisa, lakini jina kwenye cheti cha kuzaliwa limezidi herufi moja na lile la cheti cha fomu foo. Moja tu. Anaambiwa atafute wakili, aape, arudi RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, wahakiki, alafu fomu isainiwe kijijini. Akahesabu hela zake pale kaunta mara mbili, akasema taratibu, "Kaka, nikipanda gari leo kurudi nyumbani sijui kama nitarudi tena."

Sasa wengi tunaamini watoto wa kipato cha chini wanakwama kwa sababu ya ada tu. Ada inaumiza kweli, na ndo maana Bodi ya Mikopo ipo toka 2005. Ila kuna kitu kingine kinachowatoa mapema zaidi, nacho ni kutokuwa na uhakika.

Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani kilijaribu jambo hili 2015. Walichukua wanafunzi wa sekondari wenye maksi nzuri kutoka familia zenye kipato kidogo, wakawatumia barua: ukiomba na ukachaguliwa, ada ya miaka minne hulipi, hatutakudai fomu yoyote ya kuthibitisha umaskini wako. Hela yenyewe haikuwa mpya, wengi wao wangesoma bure vilevile kwa utaratibu wa zamani, tofauti ni kwamba zamani unaomba kwanza, unajaza, unasubiri, ndo unaambiwa. Waliopata barua asilimia 68 waliomba, wasiopata ni 26. Walioingia chuoni ni 27 kwa 12. Barua tu!

Kuna utafiti mwingine wa hukohuko, familia zilipokwenda kuandaliwa kodi kwenye ofisi za H&R Block, wahudumu waliwajazia palepale fomu ya msaada wa chuo, na watoto wao wakaenda chuo kwa wingi zaidi. Kundi lililopewa maelezo bila kujaziwa halikubadilika. Hapo ndo nawaza vyuo vyetu, maana sisi tunapenda sana kutoa maelezo, mabango, semina, matangazo mtandaoni, wakati mtihani wa fomu siksi ukishaisha mwezi wa tano mtoto anarudi zake Chemba au Bahi, mtandao wa kuvizia juu ya kichuguu. Chuo kingemfuata akiwa bado shuleni, mwezi wa pili au wa tatu, waje na mtu wa kukagua vyeti mkononi, ile herufi iliyozidi ionekane mapema wakati bado kuna muda wa kuirekebisha. Kaya zilizo TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, zinajulikana tayari, namba zao zipo, kwa nini mtoto aanze upya kujieleza kwamba kwao hawana?

Na akishaingia ndo kazi nyingine inaanza. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, toka 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo, na inakuja kwa awamu. Ikichelewa wiki mbili, mwenye wazazi wenye uwezo anarushiwa hela kwenye simu, huyu wa kwetu ndo anaanza kula mlo mmoja, anakacha vipindi akabebe mizigo sokoni Majengo, UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikifika anasapu, yaani anafeli na kurudia mtihani, mwisho anadisko, anaondolewa chuo, na watu wanasema hakuwa na akili. Inaniuma sana hiyo.

Georgia State, chuo cha Atlanta, waligundua wanafunzi wanafutwa kwa deni dogo huku wamebakiza kidogo wamalize. Toka 2011 wanawatafuta wao wenyewe kwenye rekodi na kuwalipia hicho kipande, mwanafunzi hata hajaomba. Na New York, vyuo vya CUNY vilianza mpango wa ASAP 2007, mwaka uleule UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, inaanzishwa hapa kwetu: nauli, vitabu, na mshauri mmoja anayekujua kwa jina na unakutana naye mara kwa mara. Waliohitimu ndani ya miaka mitatu walifika asilimia 40, wenzao nje ya mpango 22.

Mimi hapo kinachonigusa ni nauli. Mtu anayepanga gheto Ng'ong'ona au mbali zaidi ananielewa.

Yule dogo wa Mpwapwa, dada wa steshenari alimpigia wakili anayemfahamu, akaja kumgongea mhuri kwa hela aliyokuwa nayo, ikabaki nauli. Aliondoka saa kumi jioni, bahasha ameibana kwapani. Vyuo vina ofisi za udahili zenye watu wanaolipwa mshahara, ile simu wangeipiga wao.