Wati 100 si lazima kwa gitaa la baa

Wapiga gitaa wengi Dar es Salaam bado wanaamini kwamba amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) yenye wati chini ya 50 ni ya chumbani tu. Imani hiyo inawagharimu pesa, na migongo pia.

Sikio halipimi sauti kwa wati. Ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo ya wati 15 inaachwa na ya wati 100 kwa desibeli kama 8, basi. Spika nayo ina mchango wake: kutoka usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja) wa desibeli 97 hadi 100 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili.

Kwenye baa ndogo ya Sinza, wati 15 hadi 22 kwa kawaida zinatosha hata ukiwa na dramu. Amplifaya maarufu ya Fender Deluxe Reverb ina 22 tu. Kinachopungua ni usafi: ukiipandisha sana, sauti inaanza kukwaruza. Mpiga roki atafurahi. Mpiga solo wa dansi, anayetaka kila noti itoke safi, aweke maikrofoni mbele ya spika, apitishe kwenye mikisa hadi spika kubwa za ukumbi. La sivyo achukue ya wati 40, na hapo sina ubishi naye.

Ukinunua iliyotumika kutoka Marekani, soma volti nyuma. Kama ni 120 tu, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma ya kushusha.