Swichi Mnaionea

"Fundi, swichi ya mtandao imekufa tena. Nikiizima na kuiwasha inakaa sawa, halafu inarudi palepale." Simu hii naipokea kutoka Mlandege mpaka Paje, na anayepiga keshahukumu: inunuliwe mpya. Ikinunuliwa, tatizo linahamia humo humo.

Swichi ya kawaida, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa kebo, haijui IP (anwani ya mashine kwenye mtandao) ni nini. Inasoma MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya aliyetuma, inaweka kumbukumbu yuko poti gani, yaani tundu gani la kebo, basi. Kuuliza "nani mwenye 192.168.1.1?" ni kazi ya kompyuta yenyewe, kwa ARP, njia ya kuulizia MAC ya mwenye IP fulani, ile ile ya RFC 826 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 1982. Swichi inapitisha tu.

"Mbona nikiizima inapona?" Hapa ndipo ninapochoka, jamani. Ukizima swichi, kebo zote zinakatika kwa mpigo, na kompyuta ikiona kebo imekatika inafuta majibu ya ARP iliyoyashika. Ukiwasha, inauliza upya, na safari hii huenda ikajibiwa na mwenye IP hiyo wa kweli. Ungechomoa na kurudisha kebo ya mashine moja, ungepata dawa ile ile bila kuwakatia watu wa mapokezi.

Nasema "huenda" kwa sababu hoteli moja ya Paje, amri ya `arp -a`, inayoorodhesha kila IP na MAC yake, ilileta kwa IP ya ruta (kifaa cha kutokea kwenda intaneti) MAC isiyokuwa yake. Ilikuwa ya kamera ya getini, mtu kaipa IP ya ruta kwa mkono! Umeme ukikatika ukarudi, kamera inachelewa kuwaka, kisha inajitangaza, na mashine zinamuamini aliyesema mwisho. ARP haiulizi kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi wala cha nini.

Wenye Linux, mkiona STALE kwenye `ip neigh` (orodha kama hiyo hiyo ya ARP) msinipigie. Rekodi haijathibitishwa karibuni, si mbovu. Shughulikeni na FAILED, ile isiyojibiwa.

Swichi kubwa zinazofanya ruting (kupitisha data kati ya mitandao tofauti) ni kesi nyengine: Cisco, usipozigusa, hushika MAC dakika 5 na ARP saa 4, na pengo hilo, MAC imeshasahauliwa yuko poti gani na ARP bado ipo, linaweza kumwaga trafiki poti zote.

Siapi kwamba swichi haikosi kamwe. Niliwahi kuona kwenye Wireshark (programu ya kuchungulia trafiki) jibu la ARP linatoka mashine moja, ya pili halifiki. Nikabadilisha swichi, likafika. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Lakini anzeni na `arp -a`, mlinganishe MAC ya ruta na ile ya kibandiko chini yake. Tarakimu ya mwisho ikipishana kwa moja msikurupuke, ruta huwa na MAC zaidi ya moja.