Ustawi wa mhadhiri si bonanza

Katika kikao cha idara wiki iliyopita tulisomewa kipengele chenye kichwa "Ustawi wa Wahadhiri". Chini yake palikuwa na bonanza la michezo, fulana, na posho ya kusahihisha mitihani. Vyote navitaka, na hiyo posho bado naidai. Ila neno limetumika sipo.

Kwa kifupi, mhadhiri hustawi pale mazingira ya kazi yanapokidhi mahitaji yake ya kisaikolojia. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, walioijenga nadharia yao katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliyataja matatu: kujiamulia, kuiweza kazi yako, na kuwa na watu mnaojaliana.

Sasa tuje kwenye neno. Kitenzi kustawi tumekitoa kwenye Kiarabu, istawaa, yaani kuwa sawa, kusimama wima. Surat al-Fath, aya ya 29, inakitumia kwa mmea uliochipua, ukanenepa, ukasimama juu ya shina lake. Mkulima wetu naye akisema mahindi yamestawi, anasifu yalivyosimama, na nyuma yake kuna udongo, mvua na palizi ya miezi. Posho ni maslahi, na hilo ni neno la ukoo mwingine kabisa, lina mzizi mmoja na suluhu. Ndiyo maana maslahi hudaiwa mezani, pande mbili zikavutana hadi zikaafikiana. Ustawi hauwezi kugawiwa hivyo. Nadhani mkanganyiko umeletwa na ofisi za Ustawi wa Jamii, ambako wengi wetu tunajua watu huenda mambo yakishaharibika: matunzo ya mtoto, ndoa iliyovunjika. Tukisikia ustawi tunawaza msaada.

Mwenzangu wa chumba cha pili ni mtu wa fonolojia, taaluma ya mfumo wa sauti za lugha. Jumapili saa nne usiku aliona kwenye kundi la WhatsApp kwamba kesho yake, saa moja asubuhi, anaanza kufundisha stadi za mawasiliano, ukumbi mzima wa mwaka wa kwanza. Hakuulizwa. Mshahara wake haukuguswa hata senti, na fulana alipata. Lakini muhula ule nilimwona akifunga mlango wake mchana, yeye aliyezoea kuuacha wazi wanafunzi waingie na maswali.

Na tafadhali, kujiamulia si kuachwa. Mhadhiri msaidizi anayekabidhiwa kozi bila mtaala wala mtu wa kumuuliza hajapewa uhuru, ametelekezwa, na mahitaji mawili yaliyobaki yameporomoka pamoja.

Muhtasari utakapoletwa kuthibitishwa, nitaomba kipengele kile kisomeke "Maslahi na Michezo". Ustawi upewe kipengele chake, na la kwanza chini yake liwe ratiba ya vipindi: ipite kwa wanaofundisha kabla haijabandikwa.