Nyonga ya mwenye selimundu haiumwi "baridi ya ziwa"

Ukichechemea pale mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, utapewa jibu kabla hujauliza: "Hiyo baridi ya ziwa, jikande tu." Kwa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaokunja chembe nyekundu za damu kama mundu, jibu hilo linaweza kumgharimu nyonga.

Ni kweli baridi huweza kuamsha yale maumivu tuliyoyazoea, yanayobana siku kadhaa kisha yakaachia. Lakini haiui mfupa. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachozunguka kama mchi ndani ya kinu, kinalishwa na mishipa michache myembamba. Chembe zilizojikunja kama mundu zikiiziba, mfupa unakosa damu, unakufa taratibu, na mwishowe unaweza kubonyea.

Dalili zake zinapoteza watu. Mara nyingi kinachouma ni kinena, na wakati mwingine goti ndilo linalolia. Basi goti linapigwa picha na kuonekana zima. Hata eksirei ya nyonga yenyewe mwanzoni inaweza kutoka safi. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi.

Kwa hiyo mbele ya daktari usiishie kusema "naumwa mguu". Sema una selimundu, kinena kinauma hata siku ambazo hujabanwa na yale maumivu ya kawaida, na kuvaa soksi kumekuwa kazi. Hapo rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, juu kilimani Mwanza, kwa daktari wa mifupa inaeleweka. (Kile kilima panda na bodaboda, hakuna ushujaa pale.) Gongo shika mkono wa upande usiouma. Na diklofenaki za dukani za kutuliza maumivu, kila siku? Hizo huweza kuumiza figo, na figo za mwenye selimundu tayari zina mzigo wake.